Kadi Haina Mstari

Kadi yangu ya kliniki ina mistari ya mambo mengi:
uzito, presha, wingi wa damu, kimo cha tumbo,
sindano ya pepopunda, chandarua, umepewa, hujapewa.
Haina mstari wa unga.

Unga ule mweupe uliolala ghala la ushirika, Isongole,
tangu pareto ilipokuwa na bei
hadi bati likaanza kuvuja na karani akahama na funguo.
Watu hawakuiba. Waliokota.
Bibi Tulalumba alijaza kibuyu,
akanyunyiza kwenye maharage ya mbegu, kwenye nyufa za kitanda,
kwenye nywele za mabinti zake, jua la saa nne,
akawafunga vitambaa, akawaambia wasikohoe.
Chawa walikufa. Maharage hayakutobolewa mwaka ule.
Alisifiwa kwa usafi.
Naye alikuwa na mimba ya mama.

Sasa sikiliza hesabu hii, wewe uliye tumboni,
nimeipata kwa binti wa maabara,
Kikoti, Mhehe wa Kilolo, miwani imefungwa uzi:
mtoto wa kike huzaliwa na mayai yake yote.
Basi bibi alipokuwa akipepeta yale maharage
mama alikuwa ndani yake, kiasi cha kiazi cha mbegu,
na ndani ya mama, nukta,
na nukta ile ni mimi.
Nilikuwepo ghalani. Sikualikwa. Nilikuwepo.

Kikoti alichukua damu, vichupa viwili,
na ncha ya nywele. Akauliza, akaandika.
Maji mnachota wapi? Kijitoni.
Viazi anapulizia nani? Ambakisye, mume wangu.
Nguo zake anafua nani?
Nikacheka. Nani mwingine?
Na bomba analiosha wapi?

Hapo nikaacha kucheka.

Simlaumu Ambakisye.
Baka likiingia, usiku mmoja tu wa ukungu,
shamba zima hunuka kama chungu kilichosahauliwa,
na madalali wa Mbeya wanataka lumbesa, hawataki maelezo.
Anapulizia ili tule.
Mimi nafua shati lake, tumbo limegusa karai.

Dawa za siku hizi, alisema Kikoti, nyingi huchoka.
Unga ule hauchoki.
Hujibanza kwenye mafuta ya mwili kama mpangaji asiyelipa,
unangoja mtu akonde, augue, anyonyeshe,
ndipo unafungua mlango.
Nikamwuliza: kwa hiyo nisinyonyeshe?
Akavua miwani, uzi ukanasa sikioni.
Nyonyesha, alisema. Nyonyesha, dada. Maziwa bado yanashinda.
Kisha akanyamaza, kimya cha mtu
anayejua zaidi ya alilotumwa kusema.

Bibi alipokufa tuligawana kwa amani:
jembe, vyungu viwili,
kanga ambayo methali yake haisomeki tena,
migomba ya upande wa choo.
Shangazi Syabumi alitaka chungu kikubwa, akapewa.
Unga haukugombewa.
Kila mmoja alikwishapata fungu lake
kabla hajapata jina.

Jana jioni nimemwambia Ambakisye avulie shati nje,
alitundike kwenye nguzo, asiingie nalo.
Akasimama kizingitini kifua wazi, Juni hii, upepo wa Rungwe,
meno yakigongana, akaniuliza mpaka lini.
Sikuwa na tarehe ya kumpa.
Nilimpa blanketi.

Alipolala nikaitafuta kalamu ya Tusajigwe, ya shule,
ile iliyotafunwa kichwa.
Chini ya pepopunda nikachora mstari kwa mkono, umepinda kidogo.
Nikaandika: Unga. Ndiyo.
Kwenye nafasi ya tarehe nikaweka mwaka wa bibi.

Alhamisi ni kliniki.
Sista atafungua, atakunja uso,
atauliza ni nani kaichafua kadi.